Mimba ya wiki 27, nyonga hazinibebi: nichukue ED (ruhusa ya daktari ya kupumzika kazini) au nivumilie?

"Shikamoo bibi mkunga. Nina miaka 29, naishi Makorora hapa Tanga. Hii ni mimba yangu ya pili, na kliniki wamenihesabia wiki 27. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha kusokota kamba za mkonge, mwaka wa pili sasa, kwa mkataba wa mwaka mmoja ambao umeshaongezwa mara moja. Nasimama kwenye mashine shifti nzima, na kila wiki ya tatu naingia usiku. Tangu mwezi uliopita kinena na nyonga zinauma mpaka nikipanda ngazi nashika ukuta, na nikijigeuza kitandani namwamsha mume wangu kwa kuguna. Msimamizi anasema mimba si ugonjwa. Mama mkwe anasema yeye alilima mpaka siku ya uchungu. Mwaka jana nilichukua ED siku 9 kwa malaria, nikichukua tena naogopa nitakuwa nakula likizo ya uzazi. Nivumilie mpaka lini?"

Marahaba mwanangu, na pole.

Nianze na huyo msimamizi wako. Mimba si ugonjwa, kweli. Uzee nao si ugonjwa, lakini magoti yangu hayajaambiwa. Maneno hayo ni ya siku nyingi kwetu huku: tangu mkonge upandwe Kikogwe, Pangani, mwaka 1893, wanawake wamebeba mimba kwenye vumbi la singa, zile nyuzi za mkonge, na mama yangu mzazi alikuwa mmoja wao. Alianika singa mpaka mchana wa siku aliyomzaa kaka yangu. Alikuwa akilisimulia hilo kwa fahari, nami nikalipokea kwa fahari, hadi nilipoingia ukunga nikamuuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: baada ya pale ulikaa muda gani bila kutembea sawasawa? Akanyamaza kidogo, akasema miezi minne. Hiyo haisimuliwi barazani. Kwa hiyo mama mkwe wako hasemi uongo, ila anakusimulia nusu.

Mimi nimekuwa muuguzi mkunga miaka 31, na 11 kati ya hiyo niliikalia kwenye zahanati ya shamba la mkonge. Mgonjwa alikuwa akitoka kwangu anakwenda moja kwa moja kwa nyapara na karatasi niliyoiandika mimi. Huko ndiko nilikojua kwamba ED iliyoandikwa ovyo ni afadhali isingeandikwa.

Kabla ya habari ya likizo, kuna maumivu ambayo hayaombewi ruhusa. Ukiona damu ukeni, au maji yanakuvuja; tumbo likikaza na kuachia kwa mpangilio kama wimbi, nawe hujafika wiki 37; kichwa kikikugonga kisitulie, macho yakiona maluweluwe, uso na mikono ikivimba; maumivu makali chini ya mbavu za kulia; homa; kigimbi cha mguu mmoja kuvimba na kuuma; au mtoto kupunguza kucheza tofauti na kawaida yake. Hapo hungoji shifti iishe. Unapanda bajaji kwenda kituo cha afya au hospitali ya Bombo, na msimamizi unampigia simu ukiwa njiani. Kifafa cha mimba hakijui saa ya kutoka kazini.

Baada ya hayo yapo maumivu yanayojifanya ni ya mimba kumbe ni jambo jingine. Hapa nina deni langu. Miaka hiyo ya shamba alikuja dada mmoja mwenye mimba ya miezi saba, analalamika kiuno na tumbo la chini. Alikuwa wa sita kwenye foleni kwa malalamiko hayohayo asubuhi hiyo, nami nikamwandikia mapumziko ya siku tatu bila kumpima mkojo. Siku ya pili aliletwa na toroli, anatetemeka kwa homa, tumbo linakaza. Uchafu wa mkojo ulikuwa umeshapanda kwenye figo, na figo zikiwaka hivyo uchungu huweza kuanza kabla ya wakati. Walimwahi, mtoto akazaliwa siku zake. Lakini tangu siku ile hakuna mjamzito aliyeniambia "kiuno" akatoka kwangu bila kukojoa kwenye kikopo. Wewe nawe usikubali kuandikiwa kupumzika kabla ya kupimwa mkojo, presha, damu na malaria. Ni vipimo vya nusu saa.

Kwenye damu, uliza namba. Chini ya 11 ni upungufu, na chini ya 7 ni hatari. Mwenye damu ndogo huchoka, moyo humwenda mbio, miguu humlegea, naye akadhani ni uzito wa tumbo. Na kama unatafuna udongo wa pemba, mwanangu (nawajua watu wa Makorora, na najua pale sokoni vile vipande vinauzwa na nani), waambie ukweli kliniki. Udongo unazuia yale madini ya kwenye vidonge vya damu yasiingie mwilini, ukabaki unameza vidonge na kuvisindikiza chooni.

Tuseme sasa umepimwa na vyote viko sawa. Yanayobaki, kwa ulivyoeleza, yanafanana sana na maumivu ya mifupa ya nyonga. Mwili wa mjamzito hulegeza kano zinazoshika nyonga ili mtoto apate njia. Kwa wengine hulegea kiasi kwamba kile kiungo cha mbele, pale kwenye kinena, na viwili vya nyuma kiunoni huanza kucheza na kusuguana. Takriban mjamzito mmoja kati ya watano hupata hali hii. Dalili zake ni hizo ulizozitaja mwenyewe: ngazi, kujigeuza kitandani. Jaribu moja zaidi kesho asubuhi: vaa chupi ukiwa umesimama. Kama kuinua mguu mmoja kunakuchoma kinenani mpaka unatafuta pa kushika, basi ni yenyewe. Mtoto hayamdhuru. Yanayemuumiza ni wewe, na hayaponi kwa kuvumiliwa. Kadiri unavyokibebesha mzigo kiungo kilichokwisha kuchokonoka ndivyo kinavyochelewa kutulia, hata baada ya kujifungua. Mama yangu na miezi yake minne.

Ndiyo maana "nivumilie mpaka lini" silipendi. Linakufanya ujipime ujasiri, na ujasiri unao tayari. Mimi wagonjwa wangu nilikuwa nawapima kwa asubuhi. Ukitoka kazini unaumwa, ukakanda, ukala, ukalala, asubuhi ukaamka maumivu yamerudi pale yalipokuwa jana asubuhi, mwili bado unalipa deni lake. Endelea na kazi, ila kwa kuirekebisha. Ukiamka siku ya tatu mfululizo asubuhi yako ni mbaya kuliko asubuhi iliyotangulia, usiku hautoshi tena. Hapo kazi inachukua kuliko mwili unavyorudisha, na ED ni ya siku hiyo, isingoje mwisho wa mwezi.

Yapo mengine mawili ambayo kwangu yanatosha bila hata kungoja siku ya tatu. La kwanza, mguu kukukatikia. Ukiwa umesimama jikoni ukakatikiwa mguu utaegemea meza. Ukiwa umesimama mbele ya mashine inayosokota, utaegemea nini? La pili, kumeza dawa kila shifti ili tu uimalize. Panado ya kawaida inaruhusiwa kwenye mimba: vidonge 2 vya miligramu 500 kwa mara moja, na visizidi 8 kwa saa 24. Lakini ukiona humalizi kazi bila hiyo siku baada ya siku, dawa imeshakuwa gongo la kutembelea. Na tafadhali sana, diklofenaki na ibuprofeni, zile anazokupa mwenzako wa mashine ya pili akisema "hii ndiyo inakata", achana nazo. Kwenye umri huo wa mimba zinaweza kuathiri figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi, na huko mbele zinaweza kubana mshipa wa moyo wake kabla ya siku zake. Sindano yake ni hivyohivyo.

Tuje kwenye hofu yako ya likizo ya uzazi, maana naona ndiyo iliyokuweka kwenye mashine mwezi mzima.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka vibubu viwili tofauti. Kimoja ni likizo ya ugonjwa: siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, ambazo 63 za mwanzo ni kwa mshahara kamili na 63 za pili kwa nusu mshahara. Kingine ni likizo ya uzazi: siku 84 zenye malipo, au 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja. ED haichoti kwenye kibubu cha uzazi hata siku moja. Maumivu yanayosababishwa na mimba ni maumivu. Daktari akiandika kwamba huwezi kufanya kazi, siku hizo zinatoka kwenye ugonjwa.

Kinachowala wanawake siku za mtoto ni kinyume cha unachokiogopa. Anavumilia, anavumilia, akifika wiki ya 36 hawezi tena, anakwenda utumishi kuomba aanze likizo ya uzazi mapema. Sheria inamruhusu: likizo hiyo inaweza kuanza wiki 4 kabla ya tarehe ya makisio, au hata kabla ya hapo daktari akithibitisha kwamba afya ya mama au mtoto inahitaji. Lakini ukianza wiki 4 kabla, siku 28 zimeondoka mtoto hajalia. Unabaki na 56. Utarudi kwenye mashine una mtoto wa miezi miwili kasoro, maziwa yanakuvuja, na nyonga ambayo haijatulia. Huyo ndiye aliyekula likizo ya uzazi, naye aliipoteza kwa kuukimbia ule mfuko uliotengwa kwa ajili ya maumivu.

Chukua kalamu. Umetumia siku 9 za malaria, kwa hiyo kwenye mshahara kamili zimebaki 54. Kutoka leo, wiki 27, mpaka wiki 40 ni siku 91. Hata kama, Mungu aepushe, ungeacha kazi leo usirudi mpaka siku ya kujifungua, ungelipwa mshahara kamili kwa siku 54 na nusu mshahara kwa siku 37, na zile 84 za mtoto zingekuwa hazijaguswa. Sikwambii ufanye hivyo. Nakuonyesha kwamba ukichukua wiki 2 au 3 sasa huvunji kitu.

Na hapohapo kwenye hesabu kuna jambo la wiki hii hii. Mwajiri anatakiwa apewe taarifa ya likizo ya uzazi angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya makisio, pamoja na cheti cha kliniki au daktari. Siku 91 ndiyo miezi 3 yenyewe. Wengi huiandika mwezi wa nane wa mimba, tumbo likiwa limeshajitangaza lenyewe, wakidhani kuonekana ni taarifa. Andika barua fupi, taja tarehe ya makisio na tarehe unayotaka kuanza, ambatisha cheti, wakugongee muhuri nakala yako.

Lakini mimi nisingekuanzisha na likizo. Ningekuanzisha na kubadilishiwa kazi, kwa sababu tatizo lako kubwa si kwenda kazini, ni kusimama kwenye sakafu ya zege saa 8 na kunyanyua. Sheria ileile inamkataza mwajiri kumpa mjamzito kazi yenye madhara kwake au kwa mtoto, na inapowezekana ampe kazi nyingine inayomfaa kwa masharti yasiyopungua yale aliyokuwa nayo. Usiku vilevile: kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi mjamzito haruhusiwi kupangiwa ndani ya miezi miwili kabla ya kujifungua, na ukiwa na cheti cha daktari hata kabla ya hapo. Kwa hiyo shifti ya usiku iombee cheti sasa. Kwenye viwanda vya kamba nilivyowahi kuingia pana kazi za kukaa: kukagua kamba zilizokwisha kusokotwa, kupima uzito na kuandika, kubandika lebo. Msimamizi akikwambia hakuna, muulize yule aliyevunjika mkono mwaka jana aliwekwa wapi. Daima kuna aliyevunjika mkono.

Kazi ya kukaa ipe wiki 2, kwa kipimo kile cha asubuhi. Wengi hutulia hapo, hawafiki kwenye ED ndefu kabisa. Wakikataa kukubadilishia, au ukibadilishiwa na asubuhi zikaendelea kuharibika, hapo nenda kwa daktari ukaombe ED, nawe uende umejiandaa.

Kujiandaa ninakosema ni huku. Ukiingia kwa daktari ukamwambia "nyonga zinauma", umesema alichoambiwa na wajawazito kumi kabla yako. Ataandika panado. Mwambie: "Nasimama saa 8. Baada ya nusu saa mguu wa kulia unaanza kufa ganzi. Jana nimepanda ngazi 12 kwa kupumzika mara tatu. Usiku nimeamka mara tano kujigeuza. Nimemeza panado 6." Andika hayo siku tatu kwenye daftari la mtoto wako wa kwanza, kurasa za nyuma, umpe asome. Daktari hawezi kuona maumivu. Anaona usichoweza kufanya. Mimi mwenyewe nilikuwa nikipewa maelezo ya namna hiyo kalamu inaandika yenyewe.

Na karatasi yenyewe, isome kabla hujatoka chumbani, usione haya. Iwe na tarehe ya kuanza na ya kuisha, si "apumzike". Iseme kama ni mapumziko kamili au kazi nyepesi, na kama ni nyepesi ieleze: asisimame zaidi ya dakika 30 mfululizo, asinyanyue vizito, asipangiwe usiku. Nyapara wangu mmoja alipokea karatasi yangu iliyosema "kazi nyepesi" akampeleka mama wa watu kufagia uwanja mzima wa kuanikia, maana fagio, alisema, ni jepesi. Alikuwa sahihi kwa kadiri ya karatasi. Iwe na jina, sahihi na muhuri. Na iandikwe na daktari aliyesajiliwa. Cheti cha mhudumu mwingine kinategemea mwajiri wako akubali kukipokea. ED zangu zilikuwa zikipokelewa kwa kuwa zahanati ilikuwa ya shamba lenyewe. Bila cheti mwajiri halazimiki kukulipa siku hizo, kwa hiyo kulala nyumbani leo na kutafuta karatasi keshokutwa ni kujikata mshahara.

Omba siku 7 kwanza, kisha urudi kupimwa. Mwezi mzima kwa mkupuo siupendi, na si kwa ajili ya mwajiri. Kulala kutwa kunadhoofisha misuli inayoshikilia hizo nyonga, na mjamzito asiyetembea damu yake huganda kwa urahisi zaidi. ED ya nyonga ni ya kutembea kidogo, kukaa kidogo, kulala kidogo. Ukiwa Bombo omba uelekezwe kwa mtaalamu wa mazoezi tiba. Mazoezi machache ya kukaza misuli ya chini ya tumbo na makalio yanasaidia kuliko godoro.

Sasa nisemee nyumbani, ambako ED nyingi zimefia. Nimeona wanawake wakirudi kwangu baada ya siku 7 wakiwa wabaya kuliko walivyoondoka. Nikiuliza, kumbe wiki nzima amefua mapazia, kaokota mchele wa shughuli ya wifi yake, kachota maji. Watu wakikuona upo nyumbani mchana, kila mtu anakukumbuka. Na kuna adui mmoja hakuna anayemtaja: mbuzi. Unakaa kitako kibao kiko chini, magoti umeyatanua, unakuna nazi mbili za mchuzi wa samaki, huku kila msukumo wa mkono unakipasua kile kiungo cha kinenani ulichoombea ruhusa kazini kisisimame. Mwachie mume, au mama mkwe mwenyewe aliyelima mpaka siku ya uchungu. Hatakosa nguvu za nazi mbili. Mwambie kwa adabu, "mama, nimekatazwa na mkunga kukaa kwenye mbuzi." Nitupie mimi lawama, nimezizoea.

Bodaboda nayo acha kabisa kwa sasa. Ukikaa kwa kupanua unaumia, na ukikaa upande utaanguka pale kwenye mashimo. Panda bajaji, na ukishuka geuka kwanza uso utazame nje, miguu yote miwili itue chini kwa pamoja ndipo usimame. Ngazi panda moja moja, mguu usiouma sana utangulie. Kitandani mto katikati ya magoti, na unapogeuka bana magoti pamoja kama umeshika karatasi katikati yake, ugeuke mzima mzima. Mume wako atalala.

Na chukua kanga moja, iliyochakaa kidogo kwa maana mpya inateleza. Ikunje mara tatu kwa urefu ipate upana wa kiganja na nusu. Kumbuka mkaja uliofungwa ulipojifungua wa kwanza. Huu hauendi tumboni, unashuka. Simama, miguu ikaribiane, pitisha kanga nyuma juu ya makalio, ilete mbele chini ya tumbo, ipite juu ya ile mifupa inayotokeza ubavuni mwa mapaja. Vuta mpaka uhisi nyonga zimekumbatiwa, funga fundo pembeni lisikukere ukikaa. Piga hatua tano. Kama umeiweka sawa utajua hapohapo, kwa sababu ngazi ya mlango wako haitakuchoma kama jana. Ikikubana tumbo au miguu ikifa ganzi, umeipandisha juu mno au umekaza mno. Vaa ukiwa umesimama na kutembea, ivue ukilala.

Mkataba wako. Najua umeuliza kwa kuuzunguka. Kumwachisha mtu kazi kwa sababu zinazohusiana na mimba hakuhesabiwi kuwa sababu halali, na kutomwongezea mkataba mtu aliyekuwa na matarajio ya haki ya kuongezewa nako sheria inakuhesabu kuwa ni kuachishwa. Weka nakala za kila kitu: barua, ED, mikataba yote miwili, kadi ya kliniki. Kama mko TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwandani, mshirikishe mwakilishi wenu kabla mambo hayajaharibika, si baada. Ikifika huko, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapokea lalamiko la kuachishwa kazi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Lakini sioni sababu ya kuanza na vita. Wasimamizi wengi hawana ubaya; wana idadi ya kamba ya kupeleka jioni, na ukimpa karatasi inayosema wazi unaweza nini na huwezi nini, umempunguzia kazi ya kukisia.

Kesho basi nenda kliniki asubuhi, hata kama si tarehe yako kwenye kadi. Mkojo, presha, damu, malaria. Waombe na cheti cha tarehe ya makisio kwa ajili ya ile barua ya utumishi. Ukitoka huko niandikie damu imesoma ngapi, na kama ngazi 12 zimekuwa ngapi baada ya kanga.